Kizazi kimetolewa, bado nipime?

SWALI: Daktari, salaam. Nina miaka 48, naishi Urambo, Tabora. Nilitolewa kizazi kwa sababu ya mabadiliko ya seli, yale yanayoweza kuwa saratani baadaye, kwenye shingo yake. Mwaka jana mabadiliko yakaonekana juu ukeni, daraja la 3 (la juu kabisa), nikakatwa sehemu hiyo. Sasa sina maumivu wala uchafu, na wenzangu wananiambia, "Huna kizazi, unapima nini?" Yanaweza kurudi?

JIBU: Yanaweza, mama, na katika hili wenzako wamekosea. Kati ya wanawake 10 waliotibiwa kama wewe, 2 au 3 hurudiwa, wengi wao ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kisu huondoa kilichoonekana tu. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha kawaida, huweza kubaki kwenye ngozi ya jirani, na mara nyingi mabadiliko haya huota zaidi ya mahali pamoja. Kutosikia chochote si kipimo: kwa kawaida hayaumi.

Umeshaona gunia la mpunga lililoshonwa mdomo, linavyobaki na masikio mawili pembeni? Kilele cha uke kilichoshonwa baada ya kutoa kizazi kina pembe mbili za namna hiyo, na ngozi imejikunja ndani yake. Humo ndimo seli hizi hupenda kujificha. Spekula, kile chombo cha kupanulia uke, nayo hufunika ukuta wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo mpimaji aizungushe taratibu anapoitoa. Apake asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, asubiri walau dakika 1, atazame panapogeuka peupe. Kisha apake ayodini (mwambie mapema kama una mzio nayo): ukuta wenye afya hugeuka kahawia iliyokolea, penye shaka hubaki njano. Kama umeshakoma hedhi, ukuta mkavu nao haushiki rangi vizuri, na daktari anaweza kukupa kwanza krimu ya estrojeni (homoni ya kike) kwa wiki chache ndipo arudie.

Pima kila miezi 6 kwa miaka miwili, kisha kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 25. Siku 2 kabla ya kipimo usikutane na mume, usijisafishe ndani, usiweke dawa. Na asali, siki au mizizi usiweke ukeni siku yoyote. Anzia Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora. Ikibidi kutazamwa kwa kolposkopu (darubini ya kukuza ukuta wa uke) na haipo, omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Nenda na karatasi ya majibu ya kinyama ulichokatwa. Ikiandikwa kwamba kingo za kinyama hicho zilikuwa na seli mbaya, hatari yako ni kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayevuta sigara, na kwa anayeishi na VVU, hasa asipomeza dawa kila siku.

Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au majimaji yenye damu, usingoje tarehe ya kadi. Nenda wiki hiyo hiyo.