Kabla ya kulipia fomu, hesabu watoto wa darasa la saba

Mwaka 2018 nilimwandikisha mwanangu wa kwanza darasa la kwanza katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam. Sababu zilizonipeleka pale nikizisema leo naona haya. Ukuta ulikuwa na rangi mpya. Kulikuwa na bembea. Mtoto wa darasa la pili alisimama mbele yetu akatiririka Kiingereza bila kujikwaa, baba wa mwanangu akanigusa kiwiko. Na getini palitundikwa bango: watahiniwa wote wa darasa la saba, daraja A. Tukalipia fomu palepale.

Desemba 2022, mtoto akiwa amemaliza darasa la tano, ikaja barua. Wastani wa shule ni 70, mwanao amepata 66. Ama arudie darasa, ama mmtafutie shule nyingine. Serikali imeshakemea mchezo huu, lakini barua iliandikwa kwa adabu mno, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunaomba kuondoka. Nilipowapigia wazazi wenzangu nikakuta tuko wengi, na kila mmoja alikuwa ameificha barua yake kama matokeo ya kipimo cha hospitali.

Kwa hiyo Septemba 2023, ilipofika zamu ya mdogo wake kutafutiwa shule, sikuanza na rangi ya ukuta. Nilianza na simu yangu, kitandani, usiku.

Baraza la Mitihani huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, ya upimaji wa darasa la nne na ya mtihani wa darasa la saba. Kila shule ina namba yake ya kituo inayoanza na PS, kwa hiyo haikupotei hata kama kuna tatu zenye jina la mtakatifu mmoja. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, na mimi naona vyema, maana zile orodha ndizo zilizotutia upofu. Wazazi wengi wakifungua ukurasa wa shule wanakimbilia wastani. Wewe tazama kwanza idadi ya waliofanya mtihani. Chukua darasa la nne la mwaka fulani, kisha darasa la saba la miaka mitatu baadaye. Ni watoto walewale.

Nikaanza na shule yetu ya zamani. Darasa la nne 2019: watoto 64. Darasa la saba 2022: watoto 39. Bango kama lile la getini lisingesema uongo, wote 39 walipata A. Lisingetaja tu wale 25.

Si kila anayetoweka amefukuzwa. Watu wanahama mji, baba anapunguzwa kazini, wengine wanapelekwa bweni wakifika darasa la tano (chini ya hapo bweni limepigwa marufuku tangu 2023, kwa hiyo anayekuambia atampokea mtoto wako wa darasa la pili alale huko, ondoka na mkoba wako). Wakipungua watano katika sitini, hayo ni maisha. Wakipungua ishirini, uliza. Na kwa waliopo kwenye mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi ni miaka sita, hivyo hesabu itakuwa ya darasa la nne na la sita, miaka miwili tu.

Halafu nenda shuleni, lakini usiende siku ya wazazi. Nenda Jumanne. Mimi nilifika kabla ya saa nne nikanunua kashata kwa mama anayeuza getini, tukazungumza. Huyu anajua mengi kuliko brosha. Anajua watoto wanaorudishwa kwa sababu ya ada wanasimama nje saa ngapi, na walimu wanakopa vitumbua kuanzia tarehe ngapi za mwezi. Shule ambayo walimu wake wanakopa tangu tarehe kumi, mishahara inachelewa. Na mishahara ikichelewa, mwalimu mzuri wa Hisabati haumalizi mwaka. Mwanangu mkubwa alipata walimu wanne wa Hisabati ndani ya miaka miwili, na mimi nilikuwa nikimlaumu yeye kwamba hasomi.

Ndani, omba kwenda chooni. Choo cha wanafunzi, si cha ofisi. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Usiwe na haya ya kuhesabu.

Kuhusu ada, usiulize ada ni kiasi gani. Uliza mwaka jana mzazi wa darasa hili alilipa jumla kiasi gani mpaka Desemba. Sisi tuliambiwa 1,900,000, tukatoa karibu 3,000,000 tulipojumlisha basi, chakula, rimu za karatasi, sweta ambalo lazima linunuliwe palepale, masomo ya ziada, mahafali ya watoto wa awali wenye majoho.

Basi nalo lina habari yake. Shule ilikuwa kilomita tisa kutoka nyumbani, lakini njia ya basi ilizunguka mitaa yote, na sisi tulikuwa wa kwanza kupitiwa: saa kumi na moja na robo alfajiri. Mtoto wa miaka saba alikuwa akimalizia usingizi kwenye kioo cha dirisha. Ulizia nyumba yako ni ya ngapi kwenye mzunguko.

Kiingereza hakikunibabaisha tena. Kule shule ya kwanza aliyeongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Matokeo yake, upimaji wa darasa la nne somo lililomwangusha mwanangu ni Kiswahili, na bibi yake kule Muheza akawa anasalimiana na mjukuu kwa kupunga mkono.

Shule niliyomchagulia mdogo wake ina wastani wa chini kuliko ile ya kwanza. Darasa la nne walikuwa 28, wakafika la saba 34. Nilimuuliza mwalimu mkuu wameongezekaje. Akacheka, akasema, "Mama, hao sita waliletwa na wazazi wenye barua." Na wa kwangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la sita kwingine kwa tabu, nikamwomba nafasi yake pia. Akapewa. Mtihani wa darasa la saba 2024 alipata B.

Ada ni pungufu kwa laki nne. Choo kimoja cha wasichana hakina komeo mpaka leo. Nimelisema kwenye vikao viwili na nitalisema cha tatu.