Maswali ya Wasomaji: Miezi ya korona na pensheni ya mtumishi wa umma

Shikamooni wahariri. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, niko kazini tangu 2009. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kuwa katika baadhi ya majimbo ya kule kumepelekwa miswada ya kuwaongezea miaka ya utumishi wafanyakazi wa umma waliobaki kazini wakati wa korona, ili pensheni yao ipande. Je, na sisi tunayo nyongeza hiyo?
*Muuguzi, Chamwino*

Marahaba, dada. Kwa Tanzania haipo. Hakuna kifungu cha sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, kinachomwongezea mtu miezi kwa sababu alihudumia wagonjwa wa korona. Na huko kwa binamu yako, mswada ukiwa bado ni mswada haujampa mtu haki yoyote. Kwetu unahesabiwa mwezi uliochangiwa: asilimia 5 ya mshahara wako wa msingi na asilimia 15 ya mwajiri. Posho za zamu, za kuitwa usiku na za mazingira hatarishi hazimo humo. Kwa hiyo hata kama mwaka 2020 ulilipwa posho nzuri, kwenye pensheni hutaiona.

Tuonyeshe nyongeza kama hiyo ingekuwa na thamani gani, maana swali lako lina uzito. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kinachukua idadi ya miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka, yaani ile miaka mitatu iliyolipa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Tuseme unastaafu na miezi 360 na wastani wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka ni 8,937,931. Kwa waliokuwa PSPF au LAPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa kuwa PSSSF, ambao mkupuo wao (fedha ya mara moja unayolipwa ukistaafu) ulitangazwa kupanda kutoka asilimia 33 hadi 40 katika bajeti ya 2024/25, asilimia 40 ya fedha hiyo inazidishwa kwa 12.5, unapata mkupuo wa 44,689,655. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: shilingi 446,897 kila mwezi.

Ukiongezewa miaka mitatu, yaani miezi 36, kila tarakimu hapo inapanda kwa moja ya kumi. Ni kama shilingi 44,690 zaidi kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako, na mkupuo unaongezeka kwa karibu milioni nne na nusu.

Lakini miezi hiyo haitoki hewani. Ili mfuko usiyumbe, lazima mtu aichangie: asilimia 20 ya 1,200,000 kwa miezi 36 ni shilingi 8,640,000 kwa mtumishi mmoja tu. Hapo ndipo hoja kama hii inapokwama, hapa na kwingine. Sisi tunaona ni hoja ya haki, na mahali pake ni kwenye chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, kwa sababu inahitaji sheria kubadilishwa bungeni. Ikipelekwa bila kusema nani atalipa mchango, itarudishwa. Ipelekeni na hesabu yake.

Nilifanya kazi maabara kwa mkataba wa miezi 14, Mei 2020 hadi Juni 2021, nikilipwa na halmashauri kwa mapato ya ndani. Hati zangu za mshahara zinaonyesha nilikatwa michango. Mwaka 2022 nikapata ajira ya kudumu. Taarifa yangu ya michango inaanza 2022. Ile miezi imekwenda wapi?
*Mtaalamu wa maabara, Mpwapwa*

Wasomaji wenye tatizo kama lako msiruke jibu hili, kwani hapa ndipo miezi halali ya korona inapopotea. Mtumishi anayelipwa mshahara kupitia Hazina, michango yake hukatwa na kupelekwa moja kwa moja. Anayelipwa kwa mapato ya ndani humtegemea mhasibu wa halmashauri aandike malipo ya mfuko kila mwezi. Makusanyo yakishuka, mshahara unalipwa kwanza, mchango unaambiwa usubiri. Makato yanabaki kwenye karatasi yako, na fedha haifiki.

Kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha kwamba miezi hiyo kweli haipo. Mara nyingi ipo chini ya namba nyingine ya uanachama. Mkataba uliandikwa majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu. Au tarehe ya kuzaliwa imetofautiana kwa siku moja. Ulipopata ajira ya kudumu ukasajiliwa upya. Nenda ofisi ya PSSSF na kitambulisho cha NIDA pamoja na mkataba wa zamani, uombe utafutwe kwa majina yote uliyowahi kutumia. Zikionekana namba mbili, andika barua kuomba ziunganishwe. Ulizia na NSSF pia, mfuko wa sekta binafsi: kama mwajiri halisi kwenye mkataba alikuwa shirika la mradi na si halmashauri, michango ilielekezwa huko, na vipindi vya mifuko miwili vinaweza kujumlishwa wakati wa kudai pensheni.

Zisipoonekana popote, ni deni la mwajiri. Chukua taarifa ya michango, kwenye programu ya PSSSF Kiganjani au ofisini, uiweke kando ya hati za mshahara na upige mstari mwezi kwa mwezi. Andika jedwali la safu nne: mwezi, mshahara wa msingi, ulichokatwa, kilichofika. Kama msingi ulikuwa 700,000, kila mstari una 35,000 yako na 105,000 ya mwajiri. Kwa miezi 14 jumla ni 1,960,000. Ambatisha mkataba na taarifa ya benki ya miezi hiyo, inayothibitisha ulipokea mshahara ukiwa umeshakatwa. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa mkuu wako wa kazi, nakala PSSSF. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo, afisa utumishi akihamishwa, ni kama hukuiandika.

Usiseme 1,960,000 ni kidogo ukaiacha. Mwezi wa 2020 hautapimwa kwa mshahara wa 2020. Utapimwa kwa ule wastani wa mshahara wa miaka yako ya mwisho. Wastani ukifika 1,200,000, miezi hiyo 14 ina thamani ya pensheni ya shilingi 347,586 kila mwaka kabla ya kutoa mkupuo. Tena pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180 ya michango, na aliyeajiriwa akiwa na umri mkubwa anaweza kupungukiwa na miezi hiyo hiyo.

Mwaka 2021 nilijitolea zahanati kwa posho ya nauli. Naweza kulipia michango ya mwaka ule sasa?
*Manyoni*

Hapana. Posho ya kujitolea si mshahara, hakukuwa na mwajiri wa kuchangia, na mwaka uliopita haununuliwi. Barua ya kujitolea itunze kwa ajili ya maombi ya ajira.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Niliugua mapafu baada ya kazi ya korona. Je, pensheni inahusika?
*Kongwa*

Ugonjwa uliotokana na kazi unashughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri peke yake ndiye huuchangia. Pensheni yako haiguswi. Taarifa inatakiwa itolewe ndani ya miezi 12, kwa hiyo tarehe ya kwanza daktari alipoandika kuwa ugonjwa umetokana na kazi ndiyo ya kutafuta kwanza kwenye faili lako la hospitali. Kama hakuna daktari aliyewahi kuandika hivyo, omba uchunguzi sasa, ukimweleza ulibeba wagonjwa gani, kwa muda gani, na gari lilikuwa na kizuizi kati ya dereva na mgonjwa au la.