Mbwa anayeua kuku na mbuzi: maswali yenu na majibu yangu

Wiki hizi ujumbe mnaonitumia unafanana: mbwa ameua kuku, mbwa amerarua mbuzi, nimfanyeje? Nimechagua machache. Ila kabla hujasoma lolote, jiulize kwanza: tabia hii ni yake ya siku zote au imeanza ghafla juzi? Mbwa aliyekuwa mpole, leo anauma kila kinachopita, hata fimbo na mawe, udenda unamtoka, sauti imekwaruza, anatangatanga kama hakujui, huyo si wa kufundishwa. Mfungie hapohapo alipo kama unaweza bila kumgusa, kisha mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akiwa ameshamuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu hospitali, bila kungoja kesho.

Yanayofuata yanamhusu mbwa mwenye akili zake timamu.

Shikamoo daktari. Nina mbwa dume wa miaka miwili, kwa watu ni mpole mno, watoto wanamlalia. Mwezi huu ameua kuku sita wa jirani. Mume wangu anasema akishaonja damu atahamia kwa watoto. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Kibaha)

Marahaba mama. Damu haimgeuzi mbwa kuwa muuaji wa watu. Mtazame siku akimwona kuku: habweki, hanguruma, hatoi meno. Ananyata, anakimbiza, anadaka, anatikisa. Hana hasira hata kidogo, anawinda. Mbwa anayemkaripia mgeni getini na mbwa anayemfukuza kuku wanafanya mambo mawili tofauti kabisa, hata kama yote yanaishia kwenye meno. Hata hivyo, mtoto mdogo usimwache peke yake na mbwa yeyote, awe huyu au mwingine.

Kilichobadilika ni kwamba amegundua kufukuza kuna raha. Kila kuku anayemdaka ni zawadi aliyojipa mwenyewe, na wewe huna zawadi ya kuishinda hiyo. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuzuia kuku wa saba. Funga waya imara kutoka mti mmoja hadi mwingine, tia pete, na mnyororo wa mbwa uning'inie kwenye pete iteleze naye akitembea. Pawe na kivuli na maji. Usiku, kuku wakiwa bandani, mwachie ndani ya uzio.

Kazi ya pili ni ya wiki nyingi. Mshike kwa kamba, simameni mbali na kuku, kama hatua ishirini, mfukoni uwe na dagaa wa kukaanga. Akimwangalia kuku kisha akageuza kichwa kukuangalia wewe, mpe dagaa papo hapo. Siku akiweza kutulia, sogea hatua mbili. Akianza kukaza mwili na kukodoa macho umesogea haraka mno, rudi nyuma. Wapo wanaofika mahali wakapita katikati ya kuku bila shida ukiwa nao. Ukiondoka, hapana. Usimwamini peke yake na kuku hata akifuzu.

Na umlishe vizuri, mama. Mbwa wengi wetu wanapewa ugali mkavu mara moja kwa siku, ukikumbukwa. Mbwa aliyeshiba naye huwinda, lakini mwenye njaa ana sababu mbili.

Nimeambiwa nimfunge mbwa shingoni kuku aliyemuua, mpaka kuku aoze, na mbwa atachukia kuku. Inafanya kazi? (Msomaji, Tanga)

Usifanye. Anachokitaka ni kuku anayekimbia, na huyo wa shingoni hakimbii. Utapata nzi, funza na kidonda, na kesho atafukuza kuku kama kawaida. Pilipili mdomoni na kipigo akirudi jioni ni hivyohivyo: anachojifunza ni kwamba kurudi nyumbani kunauma.

Asubuhi nimekuta mbuzi wawili wamekufa zizini, watatu wana majeraha mapajani. Nyama haijaliwa. Ni fisi? Na hao watatu nichinje? (Mfugaji, Kongwa)

Pole sana. Fisi angekula, na mfupa angeutafuna. Chui hushika koo na kuburuta. Mapaja, mikia na masikio yaliyoraruliwa ovyo, wanyama wengi wameumizwa na hakuna aliyeliwa, hiyo mara nyingi ni kazi ya mbwa, na mara nyingi ni wawili au watatu waliotoka pamoja. Mbwa mmoja akiwa peke yake anaweza kulipita zizi lako miaka yote. Akipata mwenzake wanachocheana. Na usiwatafute porini. Wana wenyewe, mchana huu wamelala kivulini kwenye boma la mtu unayesalimiana naye.

Usikimbilie kuchinja. Kama mbwa hao hawajulikani, au kuna yeyote kati yao anayeonyesha dalili nilizotaja juu, nyama isiliwe na maziwa yasinywewe mpaka afisa mifugo aseme. Mbwa akijulikana, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku aliyouma. Wakati huo tenga hao mbuzi watatu, na usiwaguse majeraha mikono mitupu.

Kuhusu majeraha, jicho litakudanganya. Niliwahi kuletewa mbuzi jike mwenye matundu manne tu pajani, kila moja kama punje ya hindi, mwenyewe akasema ni padogo. Nilipomnyoa manyoya na kuingiza kidole, ngozi ilikuwa imeachana na nyama kiasi cha kiganja kupita. Chonge huingia, mbwa anatikisa, na chini kunachanika kuliko juu. Kwa hiyo nyoa, osha kwa maji mengi ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, tena na tena, pakeni iodini, na matundu msiyashone. Usaha unahitaji njia. Mwite mtaalamu kwa sindano ya kuzuia maambukizi na ya pepopunda.

Mizoga izikwe kwa kina. Vichwa msiwarushie mbwa wa nyumbani. Wafugaji wa Kimasai wanaujua ugonjwa wa mbuzi kuzungukazunguka na kuinamisha kichwa upande, wanauita ormilo. Ni malengelenge ya minyoo kwenye ubongo: mbwa hula kichwa, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi hadi malishoni, mbuzi anakula majani. Mbwa wapewe dawa ya minyoo mara kwa mara, na mzunguko huo utakatika.

Naweza kuwategea sumu? (Mwingine, huohuo mkoa)

Hapana. Sumu ya shambani kwenye kipande cha nyama haichagui. Itamuua mbwa wa jirani asiye na kosa, paka wako, tumbusi wanaotusafishia mizoga, na siku mbaya itaokotwa na mtoto. Tena kifo chake ni cha mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Imarisha zizi: miiba mipya, mlango usioacha upenyo chini. Halafu nenda kwa mwenye mbwa.

Mbwa wangu ndiye aliyeua mbuzi wa mzee jirani. Nilipe nini? Anataka bei ya mbuzi mwenye mimba. (Kijana, Singida)

Kama alikuwa na mimba, lipa ya mwenye mimba. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Wewe umeombwa mbuzi tu. Nenda mwenyewe, na mtu mzima mmoja wa kwenu, kabla hajaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mpe shikamoo, mpe pole, mweleze mbwa umemfunga, na akaone kwa macho yake kwamba amefungwa. Makubaliano yaandikwe, mashahidi watie sahihi.

Kijiji chetu kinapakana na Serengeti. Mbwa wetu hufukuza swala, wengine wanasema si tatizo. (Msomaji, Meatu)

Ni tatizo, tena kubwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ndiyo maana mbwa wa vijiji vya pembeni wamekuwa wakichanjwa. Afisa chanjo akija, wapelekeni wote, na wa kichaa cha mbwa pia, kuanzia wakiwa na miezi mitatu. Mbwa anayevuka mpaka hubeba ugonjwa kwenda na kurudi. Dume ukimhasi hataacha kuwinda, ila hamu ya kutangatanga hupungua.

Daktari, nimejaribu yote. Amevunja mnyororo mara mbili, jana ameua kondoo wanne. Ninampenda. Niamueje? (Mzee, Karatu)

Shikamoo mzee wangu. Nakuuliza mambo matatu. Je, unaweza kumjengea mahali asipoweza kutoka kabisa, na bado akaishi, siyo kuoza? Je, kuna mtu mahali pasipo na mifugo, ambaye ukimwambia ukweli wote bado atamchukua? Je, mwenye kondoo ataweza kulala usiku? Jibu likiwa hapana mara tatu, kumlaza usingizi wa milele ni uamuzi wa haki, na hujamsaliti. Kumpa mtu asiyejua ndiko kumsaliti, yeye pamoja na kondoo wa huko.

Mwite daktari wa mifugo aje nyumbani. Isiwe rungu, isiwe sumu, na usimtume kijana. Kwanza kuna sindano ya usingizi, kisha ya mwisho. Mwaka jana nilimfanyia hivyo mbwa wa mzee wa rika lako. Alimkalisha chini ya mparachichi, akamlisha ugali na maziwa kwa mkono wake, kichwa cha mbwa kikawa kwenye paja lake. Tulingoja amalize kulamba sahani. Kaa naye, ukiweza. Anakujua wewe, mimi hanijui.

Kaburi liwe refu kufika kiunoni, na ukilifukia weka mawe juu, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na humuua kunguru au mbwa atakayefukua.