Kabla ya kununua hisa za kampuni ya droni

Ndugu yangu, umeuliza kama uweke shilingi milioni 5 za kiinua mgongo katika kampuni ya droni za kunyunyizia dawa mashambani, ambayo hukuwahi kuisikia kabla ya kutumiwa video yake. Nakusihi usilipe bado. Video haithibitishi chochote: Lily Robotics ya Marekani ilikusanya oda za dola milioni 34 kwa video iliyosisimua wengi, ikafungwa Januari 2017 bila kuwafikishia wateja droni walizolipia, na mwendesha mashtaka wa San Francisco alidai mahakamani kwamba sehemu ya picha hizo zilipigwa na droni ya kampuni nyingine.

Anza BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, utazame wakurugenzi na wanahisa wa kampuni hiyo ni akina nani, ingawa usajili pekee hauthibitishi uaminifu. Kisha uiulize CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, iwapo imeiidhinisha kampuni hiyo kuuza hisa kwa umma, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, iwapo droni hizo zina kibali cha kuruka. Hapo ndipo kampuni nyingi za mashaka hukwama. Mwisho, omba kuiona droni yenyewe ikiruka shambani, tangi likiwa limejaa, huku ukisoma mwenyewe jina la mtengenezaji lililobandikwa kwenye betri.