Meza ya studio ya nyumbani ianze na masikio yako

Kabla hujaenda Keko, Dar es Salaam, kutafuta seremala, kaa kwenye kiti utakachotumia kurekodia. Kaa kama unavyokaa ukiwa umechoka, maana kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, huishia usiku wa manane. Mwombe mtu akupime kutoka sakafuni hadi sikioni. Kwangu ilikuwa sentimita 118, na hapo ndipo twita za spika zangu, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, zilipo hadi leo. Vipimo vingine vyote vilifuata nyuma ya hicho.

Mafundi wengi watakushawishi utengeneze meza pana na nzito, ya kumvutia mteja. Kataa. Sauti ya spika hugonga uso wa meza, ikaruka na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo, na ikikutana na ile iliyokuja moja kwa moja baadhi ya sauti hufutana. Utaongeza usichopaswa kuongeza, na wimbo ukipigwa kwenye gari utasikika tofauti kabisa. Kwa hiyo sentimita 60 kutoka mbele hadi nyuma zinatosha.

Nilitumia plaiwudi moja ya milimita 18, ile ya futi 4 kwa 8. Inatoa uso wa sentimita 150 kwa 60, miguu miwili ya ubao mzima, ubao wa kuvuta wa kinanda, na kipande cha mgongo. Hicho cha mgongo usikubali kiachwe, ndicho kinachozuia meza kuyumba. Uso uko sentimita 75 kutoka chini, ubao wa kinanda uko 60. Pima kimo cha kinanda chako kwanza, usije ukakuta vitufe vinakwaruza meza kila ukikivuta.

Spika zisikae mezani. Piga wimbo wenye besi nzito, kisha weka kiganja juu ya meza: ubao ukitetemeka, ujue unasikiliza meza pamoja na wimbo. Zangu zina stendi zake nyuma ya meza, na chini ya kila spika kuna kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Umbali kati ya spika mbili uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kichwani kwako.

Chumba nacho kina neno lake. Usiiweke meza kwenye kona, besi hujazana huko. Tazama ukuta mfupi, kuta za kushoto na kulia ziwe mbali nawe kwa kiasi kilekile. Chumba cha mita 4 kwa 3, anza kukaa kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa mbele, halafu sogea kidogo kidogo ukisikiliza. Kitanda kikiwa nyuma yako, kiache. Godoro linameza mwangwi.

Waya za umeme zipite upande mmoja, za maiki na spika upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Na kwa joto na unyevu wa Dar, piga kingo zote za plaiwudi vanishi mara mbili kabla ya kufunga skrubu, hata zile za chini zisizoonekana.