Kwetu Ujiji mwezi ndio unaoamua

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Nyumbani kwako nani huamua kipikwe nini?", nimelisoma huku nachambua maharage. Nadhani wengi watajibu mume, au watoto, au pochi. Kuhusu pochi sibishi. Lakini mimi naishi Ujiji, na huku kabla pochi haijafunguliwa, mwezi umeshasema. Nasema huu wa angani.

Wavuvi wetu wa dagaa huingia Ziwa Tanganyika usiku wakiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, na migebuka huwafuata dagaa ili wawale, ndiyo maana asubuhi mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hukosi wote wawili. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukishapevuka, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na mitumbwi mingi inabaki ufukweni, watu wakishona nyavu. Nenda mwalo wa Kibirizi au wa Katonga siku hizo uone. Akina mama wauza samaki wamekaa wanasukana, na ukisogea na beseni lako unaulizwa, "Mama, na mbalamwezi yote hii, unatafuta nini?"

Kwa hiyo sina ratiba ya Jumatatu wali, Jumanne ugali, kama zile ambazo wifi zangu wa Dar es Salaam wanabandika kwenye friji. Nina majira mawili tu, giza na mbalamwezi.

Giza likiingia, jiko halina kazi ya kufikiri. Dagaa wabichi ninawaosha, chumvi, ndimu, kisha kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, wakaange mpaka wakauke na kulia wakigeuzwa. Wasijazwe sufuriani, watatoa maji na kupondeka. Mgebuka nampenda kwa mchuzi: kitunguu, nyanya, bilinganya kidogo, mawese, na ugali wa muhogo pembeni. Kuhe, samaki mwingine wa ziwa letu, ana jina kubwa na bei inayolingana na jina, na mgeni kutoka mbali lazima atamuulizia. Mkinipa nichague mimi, nachukua mgebuka, maana nyama yake inashika mchuzi.

Siku hizo hizo ndizo za kuweka akiba. Dagaa wakavu nanunua wale walioanikwa kwenye vichanja, hata kama mwenye kichanja ataniongezea bei. Wa mchangani hata uwaoshe vipi, jino litakuambia.

Mbalamwezi sasa. Hapa ndipo Tabora yangu inapoingia, maana huko ndiko nilikozaliwa, na mama yetu aliishi kwa kuangalia mvua. Masika alikuwa anakausha kila kinachokaushika. Majani ya kunde yaligeuka nsansa. Viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa vilikuwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vilikuwa matobolwa, ambayo watoto tuliyatafuna kavu kavu njiani kwenda shule. Dada yangu bado hunitumia mfuko kwa treni, na karanga juu yake. Siku mwalo umelala, natoa nsansa, nazichemsha, natia karanga zilizosagwa, na nyumba inakula.

Mama mkwe wangu, Mmanyema wa hapa hapa Ujiji, alikula nsansa zangu kwa heshima tu mwanzoni. Ugomvi wetu halisi ulikuwa kwenye sombe, yaani kisamvu. Yeye anataka mawese, mimi nilikuja na karanga. Kwenye kutwanga hatukupingana: majani yatwangwe mpaka yalainike kabisa na yachemshwe muda mrefu, sufuria likiwa wazi, kwa sababu muhogo una sumu na sumu hiyo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Anayekatiza hatua hiyo kwa sababu ya mkaa kupanda bei asinikaribishe. Mawese yanaingia mwishoni, na dagaa wakavu wachache. Siku hizi natia vyote viwili, mawese na karanga, na mama mkwe anaongeza sahani bila kusema kitu.

Mawese yenyewe hayajui giza wala mbalamwezi. Michikichi tunayo, na tangu 2018 serikali imeitilia mkazo upya. Kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinazalisha mbegu ya tenera, ambayo chikichi zake zina nyama nene na gamba jembamba kuliko ile dura ya wazee. Mimi ninachoomba ni watu waache kuyachemsha mafuta mpaka yapoteze wekundu. Wekundu huo ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Ukiufukuza kwa moto, umebaki na mafuta tu. Yapashe mpaka harufu mbichi itoke, basi.

Kisha ulikuja mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Jikoni kwangu ilikuwa mbalamwezi ya miezi mitatu. Maharage ya Kasulu yalipikwa mpaka mwanangu wa mwisho akauliza kama samaki wamehama. Dagaa wakavu nilikuwa nawatia kwenye sombe kwa kuhesabu. Niliunga mkono na bado naunga mkono, kwani ziwa linalovuliwa kila giza, mwaka hadi mwaka, litachoka. Ila niseme pia kwamba mimi nilikuwa nakosa kitoweo tu. Wale akina mama wa mwaloni walikosa kitoweo, ada na kodi ya nyumba kwa mpigo, na kufunga ziwa bila kuwafikiria hao ni kufunga nusu. Wengine niliwakuta wanauza mboga na vitumbua, biashara ambayo haikuwa yao na mtaji wake haukuwepo.

Majuzi jirani yangu kijana, aliyeolewa mwaka huu kutoka Arusha, aliniuliza bajeti ya kitoweo ya wiki. Nilimtoa nje usiku, nikamwonyesha juu. Alidhani namtania. Sasa ananunua dagaa mapema kuliko mimi.

Kuhusu mume wangu, kwa kuwa najua atasoma hapa: naye ana kura yake. Huulizwa ugali uwe wa muhogo au wa mahindi. Hujibu "wowote tu", halafu akiletewa wa mahindi anauliza unga wa muhogo umeisha lini.