Hizo bluberi za babako

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata. Waniuliza kama umnunulie babako bluberi, yale matunda madogo ya buluu, huko Nairobi uwe unatuma Lamu kila wiki, maana umeambiwa zinashusha sukari.

Kwa sukari, usizitegemee. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia, watafiti walifuatilia watu 115 wanene wenye dalili za kuelekea kwenye kisukari na maradhi ya moyo, kwa miezi 6. Matokeo yalitoka 2019. Waliokula kila siku unga wa bluberi sawa na kikombe kizima, gramu 150, mishipa yao ya damu ilifanya kazi vizuri zaidi. Wa nusu kikombe hawakupata nafuu hiyo. Lakini insulini, ile inayodhibiti sukari mwilini, haikufanya kazi vizuri zaidi ya ilivyokuwa mwanzo, hata kwa wale wa kikombe kizima. Na sehemu ya fedha ilitoka kwa wakulima wa bluberi wa Marekani. Sisemi walidanganya, ila ulijue.

Sasa piga hesabu. Kikopo cha dukani ni gramu 125, hakifiki hata dozi ya siku moja. Kisha kipande basi hadi Mokowe, kivuke kwa boti, na joto hili! Itafika juisi.

Kinachosaidia mishipa, wanavyodhani, ni anthosiani, ile rangi iliyo kwenye ganda. Zambarau zetu nazo zinayo. Msimu ukiingia babako hukaa barazani na bakuli lake, ulimi umegeuka rangi, kanzu nyeupe ina madoa yasiyotoka hata kwa jiki. Ninalogombana naye ni chumvi anayozichovya, naye ana presha! Zikiisha kuna mapera. Vitamini C yake yaipita ya bluberi zaidi ya mara kumi. Namkatia vipande ale na mbegu zake. Juisi simpi, sukari hupanda upesi.

Wewe uliye huko, bluberi ukizimudu, kula. Hata za kugandishwa ni nzuri, rangi haipotei. Jamu usihesabu.

Ila babako usimwambie kuwa ni dawa, nakuomba. Wamjua, atatafuta sababu ya kuacha vidonge. Hizo pesa ninunulie stripu za kupimia sukari, zimebaki chache. Angalia tarehe ya mwisho kwenye boksi kabla hujalipa.

Mamako